Kigoda Nilichomdai Mtani

Tulifungwa matano kwa moja, tena nyumbani, tena na Manyoni. La kwanza lilimpita golikipa wetu Haji katikati ya miguu. La pili lilimpita juu ya kichwa. La tatu sijui lilimpita wapi, maana mwenyewe aligeuka kutazama nyuma kama mtu aliyesikia anaitwa. La nne lilipoingia uvumilivu ukaniisha. Nikapanda juu ya jiwe lililo upande wa boma, nikakinga mikono mdomoni, nikapaza sauti: "Mselemu atoke! Tunataka mwalimu mwingine! Mselemu atoke!"

Uwanja mzima ukacheka.

Si kwamba watu hawakuwa na hasira. Walikuwa nayo, na wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri kutoka Mgori kuja kuona aibu ile. Angepiga kelele mtu mwingine wangemuunga mkono. Lakini nilipiga mimi, Zefania fundi viatu, Mnyiramba, na Mselemu ni Mnyamwezi, na hakuna mtu pale Singida asiyejua kwamba sisi ni watani. Mtani akisema mtani wake ni mjinga, amesema nini? Amemsalimia tu. Mselemu mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mstari, kanzu imejaa upepo, akageuka akanipungia mkono.

"Shuka kwenye jiwe hilo, mtumwa wangu!" akaniita. "Ukivunjika shingo nani atanishonea viatu?"

Watu wakashika mbavu. Wakiwa bado wanacheka, Manyoni wakafunga la tano.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, fainali ya Kombe la Bwana DC, na ilikuwa ni fainali ya tatu tunapoteza mfululizo. Bwana DC alikabidhi kombe, akatushika mikono sisi wenyeji kwa huruma ya kizungu, ile ya kutabasamu bila kukuangalia. Nilirudi nyumbani Utemini peke yangu, nimejaa sumu.

Mtu anaweza kuniuliza, mpira wa vijana unakuhusu nini, wewe mzee wa miaka hamsini na mitano? Nitamjibu. Mke wangu Dina alifariki mwaka mmoja kabla. Mtoto wetu wa pekee, Nathanaeli, alikuwa Mwadui kwenye almasi. Barua yake ilifika Krismasi, na nyingine ikafika Krismasi iliyofuata. Nyumba ya mtu mmoja ina kelele zake. Unasikia kijiko kikigonga sahani. Unajisikia mwenyewe unavyotafuna. Nilikuwa nashona viatu vya watu kuanzia Jumatatu nikiisubiri Jumamosi, timu yetu ya Nyota icheze, nisimame na watu, nipige kelele na watu. Mpira wa timu niliushona mimi kila ulipopasuka, bure, na nilijua kila kovu lake. Jumamosi ikiharibika sikuwa na kitu kingine cha kusubiri.

Sasa Mselemu. Yeye aliuza chumvi, vitunguu na mafuta ya taa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Watu wake walikuja na misafara ya Tabora zamani, wakiwa wapagazi, wakachanganya damu na kila mtu, lakini Unyamwezi wake hakuuacha. Nilimzidi miaka mitano au sita, na hata siku moja hakunipa shikamoo, wala sikuitegemea, maana watani hawaamkiani. Kila asubuhi alikuwa anaingia kwangu bila hodi. Anafunua sufuria, anakula viazi vilivyolala, anasema viazi vya Wanyiramba vina ladha ya ngozi. Mimi namwambia asile haraka, msafara haujaondoka, mzigo wake bado uko pale unamngoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka tisa.

Siku ya kumzika Dina tulipotaka kutoka uani na jeneza, tulimkuta Mselemu amelala kifudifudi mlangoni, amejifunga kanga ya marehemu kiunoni. Akasema maiti haipiti. Akasema mwanamke huyu ameuawa na harufu ya ngozi ya mume wake, na yeye anataka fidia. Akapewa kuku. Akasema kuku mmoja ni matusi. Akaingia ndani, akatoka na kigoda cha Dina, kile cha miguu mitatu alichokuwa anakalia jikoni, akakibeba kichwani, akasema haya, sasa piteni. Mchungaji alikunja uso. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakapata njia, maana tangu Dina akate roho nilikuwa sijalia.

Kigoda hakikurudi, wala kanga, na sikuviulizia. Kitu alichochukua mtani msibani hakidaiwi. Hata mtoto anajua. Ukikidai umesema kwamba huyu si mtani wako tena, ni mtu tu aliyeingia kwako siku ya msiba akabeba mali yako.

Lakini kama mwalimu wa timu, jamani, Mselemu alikuwa balaa. Timu aliianzisha mwenyewe mwaka wa arobaini na saba, na mpaka hamsini na tatu alikuwa anapanga watu wale wale. Beki wake mmoja alikuwa na wajukuu. Haji, golikipa, jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu, kila mtu anajua, na Manyoni nao wakajua, wakawa wanapiga mipira yao yote upande huo. Wakati huo huo tulikuwa na Isaka, kijana wa Kinyaturu kutoka Mgori, ana miguu ya ajabu, anakuja kila Jumamosi na njaa yake, anavaa, anakaa pembeni, mchezo unakwisha, anavua, anarudi Mgori.

Nilijaribu kusema naye kwa utulivu. Nilimfuata dukani kwake wiki ile tuliyofungwa.

"Mselemu," nikamwambia, "tuache mzaha kidogo. Kwa nini humtoi Haji golini?"

"Nikimtoa atakwenda wapi?" akajibu, anapima chumvi. "Akakae na wewe, mnusiane?"

"Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Wewe Mnyiramba umewahi kuulizwa kitu cha kweli ukakijua?"

"Isaka je?"

"Isaka ana miaka ishirini na miwili. Ataingia. Ana haraka gani? Haji hana pengine pa kwenda jioni."

Nikaondoka nimekasirika zaidi ya nilivyokuja. Niliona ni majibu ya mzaha. Ukiwa na mtani huwezi kupata jibu lingine, kama vile yeye alivyoshindwa kupata lawama ya kweli kutoka kwangu. Nikakaa nikamwandikia barua mwenyekiti wetu, Paskali, karani wa boma. Niliandika kurasa mbili kwa wino, nikataja magoli yote kumi na moja ya fainali tatu na jinsi kila moja lilivyoingia. Paskali aliisoma mbele ya wanachama. Nimeambiwa alishindwa kuimaliza kwa kucheka, akamkabidhi mwenzake, na huyo naye akashindwa. Wakasema Zefania ameutia utani kwenye karatasi, hilo halijawahi kutokea. Mselemu aliomba apewe barua hiyo, akaibandika dukani kwake juu ya mafuta ya taa.

Hapo nikajua kwamba nikitaka kusikika sina budi kuacha kuwa mtani wake.

Mkutano wa mwaka ulifanyika Jumapili alasiri sokoni, chini ya paa la bati, meza za nyama zikiwa zimeoshwa. Walikuja kama watu arobaini. Mselemu alikaa mbele na wazee wake wa arobaini na saba, Haji akiwa kulia kwake. Paskali alipouliza kama kuna mwenye neno nikasimama, na kabla sijafungua kinywa watu wakaanza kutabasamu.

"Wanachama," nikasema, "mimi leo sitanii."

Kicheko. Mtu wa nyuma akasema, "Anaanza vizuri."

"Nasema sitanii. Nataka Mselemu aondolewe."

"Aondolewe apelekwe wapi?" akauliza Mselemu. "Kwenu Kiomboi? Heri kifungo."

Wakacheka mpaka bati likavuma. Nikawatazama wote, meno nje, watu wazima, na timu inakufa. Nikamgeukia Mselemu mwenyewe.

"Bwana Mselemu," nikasema, "siku ya msiba wa mke wangu ulichukua kigoda nyumbani kwangu. Nakitaka."

Kicheko kilikatika. Si kwamba kilipungua, kilikatika. Haji aliinua uso, lile jicho lake zima limenikodolea. Mselemu alikuwa bado na tabasamu, nikaliona linavyokaa pale usoni halina kazi tena, kisha likaondoka.

"Unakitaka?" akauliza polepole.

"Nakitaka. Na kanga."

Naapa kwamba hata wakati ule ningeweza kusema kitu kimoja cha kijinga, chochote, kuhusu mizigo ya Tabora, na yote yangekwisha. Nilijua hivyo. Lakini watu walikuwa wananisikiliza kwa mara ya kwanza, watu arobaini kimya kabisa, na utamu wake ulinilevya.

"Kitaletwa," akasema Mselemu, akainamisha kichwa.

Basi nikasema yote. Nikataja jicho la Haji mbele ya Haji. Nikataja Isaka. Nikataja magoli kumi na moja, moja moja, na hakuna aliyecheka. Nilipokaa, Paskali aliuliza wanaotaka mwalimu mpya wanyooshe mikono. Ilinyooshwa ishirini na minane. Mselemu hakujitetea. Alisimama, akaweka filimbi mezani, akamshika Haji mkono akamwongoza kutoka, maana pale kwenye ngazi za soko Haji huwa anajikwaa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nachemsha viazi niliposikia mtu mlangoni.

"Hodi."

Sikujua ni nani. Sauti niliifahamu, lakini neno lile sikuwahi kulisikia katika sauti ile. Nikatoka. Mselemu alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kigoda mkononi, kanga imekunjwa juu yake, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Shikamoo, mzee Zefania."

"Marahaba," nikasema.

"Nimeleta vitu vyako. Kigoda mguu mmoja ulilegea, nimeugongea kabari. Samahani kwa kuchelewa."

"Ingia, basi," nikamwambia. "Viazi viko jikoni."

"Ahsante, mzee. Nimekwisha kula."

Akaweka vitu pale chini, akaenda zake.

Mwalimu mpya alikuwa Mathayo, mganga msaidizi wa hospitali, mtu wa kupanga mambo. Alimweka Isaka kati, akaleta golikipa mwingine, wazee wote akawashukuru kwa barua. Haji aliendelea kuja uwanjani kila jioni. Alisimama nyuma ya goli, akawa anaokota mipira inayotoka nje. Mipira iliyokwenda upande wake wa kushoto hakuiona, akawa anaisikiliza. Mselemu alikuja kumchukua kila jua lilipoinama.

Nami nilibaki kuwa mtu wa kuheshimiwa. Hilo sikulitarajia. Siku moja tulicheza ovyo kipindi cha kwanza, nikapanda kwenye jiwe langu na kumwambia Mathayo hajui kitu. Watu waliokuwa karibu nami wakanyamaza, wakasogea kidogo. Wakati wa mapumziko Mathayo alinijia ana daftari, akaniuliza kwa adabu, "Mzee Zefania, kosa umeliona wapi?" Sikuwa nimeona kosa lolote. Nilikuwa napiga kelele tu. Nikamjibu kwamba beki asogee mbele, akaliandika. Tangu hapo nilishuka kwenye jiwe. Nikawa nasimama chini, na wala hakuna aliyekuja kusimama na mimi. Mtu aliyeweza kumdai mtani wake kitu cha msibani, kesho atakudai nini wewe ambaye si mtani wake?

Asubuhi ndizo zilizokuwa mbaya. Nilipika viazi vingi kwa mazoea, vikalala, nikavimwaga. Nilikuwa najikuta nasema tusi peke yangu, tusi zuri kabisa, nikiwa na kiatu mkononi, kisha nanyamaza kama mpumbavu. Kigoda nilikirudisha jikoni. Hakuna aliyekikalia.

Na usiku, pale usingizi unapogoma, nilianza kuyasikia upya majibu yake ya siku ile ya chumvi. Haji hana pengine pa kwenda jioni. Halikuwa jibu la mzaha. Mselemu alikuwa na ugonjwa mmoja, hakuweza kumwacha mtu. Kwa ajili ya ugonjwa huo tulifungwa magoli kumi na moja. Na kwa ajili ya ugonjwa huo huo alikuwa anakuja kwangu kila siku ya Mungu kula viazi vibaya, tangu Dina hajafa, na baada ya Dina kufa hakukosa hata asubuhi moja. Mimi nilisimama mbele ya watu arobaini nikadai atibiwe.

Mwaka wa hamsini na nne tulichukua kombe. Tuliwafunga Manyoni matatu bila, Isaka mawili, na la tatu alilitengeneza yeye. Watu waliruka, wanawake walipiga vigelegele, Isaka alibebwa juu mpaka sokoni. Alipopita kwangu akajitahidi kuinama kutoka mabegani mwa watu, akanipa mkono. "Shikamoo mzee. Ni wewe uliyeniingiza." Nikamwambia marahaba, mwanangu, hongera. Nilikuwa nimelitaka kombe lile miaka minne. Nililiona likipita, linang'aa, na nilichokuwa nafikiri ni nani nitamchokoza nalo.

Mselemu nilimwona kwa mbali. Alikuwa nyuma ya watu, ameshikana mkono na Haji, anamsimulia kila kinachotokea. Kila goli lilipoingia alipiga makofi.

Watu walipotawanyika nikaenda moja kwa moja dukani kwake, jua bado liko juu kidogo. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nilianza nikiwa bado barabarani, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa mtaa.

"Wewe Mnyamwezi! Umeona mpira unavyochezwa? Au mizigo ya Tabora imekukandamiza mpaka macho?"

Wapita njia wawili watatu wakasimama. Nami nikasimama, nikangoja. Ningefurahi kama angenitukania mama yangu na bibi yangu na ukoo wote wa Kiomboi. Nilikuwa nimeinua kidevu kabisa, kama mtu anayengoja kunyolewa.

Mselemu aliweka chini kibaba cha chumvi. Akajifuta mikono, akatoka nyuma ya meza yake.

"Shikamoo, mzee Zefania," akasema. "Hongereni sana. Vijana wamecheza vizuri. Karibu ukae."

Wale wapita njia wakaendelea na safari zao. Ukutani, juu ya mafuta ya taa, barua yangu haikuwepo. Akanivutia kiti, akakifuta vumbi kwa kitambaa, kitu ambacho hajawahi kunifanyia. Nikakaa kwa sababu kusimama nilikuwa siwezi na nyumbani nilikuwa sitaki.

"Nikuwekee chai?"

"Niwekee."

Akamimina kutoka kwenye birika, taratibu, bila kumwaga. Akachukua bakuli la sukari na kijiko, akainama juu ya kikombe, halafu akasita.

"Vijiko vingapi, mzee?"

Kwa miaka tisa mtu huyu alininyang'anya kikombe mkononi, akanywa nusu yake, akasema Wanyiramba tunakunywa sukari tukiipa chai salamu. Nikamwangalia usoni, nikamwangalia sana, nione kama ananitania. Alikuwa ameshika kijiko anangoja nijibu, kwa adabu zote.

"Viwili," nikasema. "Ahsante."